Ngonjera ya Dola na Soko: Yuko Wapi Mtu wa Tatu?

Kila mwaka, somo la riwaya ya Kiswahili linapofika kwa Kezilahabi na Chachage, darasa letu hugawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Upande mmoja unasema Kezilahabi aliuona mapema ubovu wa Ujamaa, kwa hiyo alikuwa mtetezi wa uhuru wa mtu binafsi na, tukivuta kidogo, mtetezi wa soko. Upande wa pili unamshika Chachage na kitabu chake Makuadi wa Soko Huria (2002), unasema huyo ndiye aliyetufumbua macho: soko ni unyang'anyi, dola irudi ishike njia kuu za uchumi. Watu wanapiga meza, mwalimu anacheka, kipindi kinakwisha. Wiki inayofuata tunaandika insha, na insha zinarudia yale yale kwa lugha ya heshima zaidi.

Mimi naona mgawanyo huu una kasoro, na kasoro yenyewe ni ya kifasihi kabla haijawa ya kisiasa. Sisemi kwamba ukweli uko katikati. Sijui nani alitufundisha kwamba ukweli hupenda kukaa katikati kama abiria aliyebanwa kwenye daladala. Ninachosema ni kwamba mabishano haya ya dola na soko tunayaendesha kwa fani moja ya zamani, fani ambayo imekwisha kuamua nani ataongea na nani ataitikia. Fani hiyo ni ngonjera.

Tukumbushane kidogo. Mwezi Juni 1968, mwaka mmoja na miezi baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawaomba waitumie sanaa yao kuwaeleza wananchi siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Mathias Mnyampala, mshairi kutoka Dodoma na mtu wa mstari wa mbele katika chama cha UKUTA, aliitikia wito kwa kuikuza ngonjera, yaani ushairi wa majibizano unaosemwa mbele ya watu. Mnyampala alifariki mwaka 1969, lakini Ngonjera za UKUTA zilichapwa, zikaingia mashuleni, na tangu hapo hakuna sherehe ya shule ya msingi isiyokuwa nayo.

Muundo wake sote tunaujua. Kuna anayejua na kuna asiyejua. Asiyejua hubisha beti tatu nne, anayejua humjibu kwa upole, kisha asiyejua hukubali na kushukuru, na mwisho wote huimba pamoja. Siidharau fani hii. Katika nchi ambayo watu wengi walikuwa hawajui kusoma, ngonjera ilifanya kazi ambayo kijitabu cha chama kisingeiweza. Lakini tuutazame huo muundo kama wahakiki. Anayepewa nafasi ya asiyejua, mara nyingi, ni mkulima au mama wa kijijini. Na maswali yake yametungwa na yule yule mwenye majibu. Ndiyo maana hayamshindi mtu.

Sasa angalia kilichotokea baada ya Rais Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985, na Serikali kutia saini mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Ruksa ikaja. Mwaka 1991 likaja lile lililoitwa Azimio la Zanzibar, viongozi wakaruhusiwa yale waliyokatazwa Arusha. Mwaka 1992 ikaundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, na wote tunajua kurekebisha kulimaanisha nini. Ungetegemea ngonjera ife pamoja na siasa iliyoizaa. Wapi! Iligeuza shati tu. Mtoto wa darasa la sita aliyefungwa kitenge kiunoni kuigiza mkulima asiyejua faida ya kijiji cha ujamaa, mdogo wake naye alifungwa kitenge kile kile kuigiza mkulima asiyejua faida ya mwekezaji. Nasema kwa ushahidi: mimi mwenyewe nimeghani ngonjera ya mwekezaji mbele ya mgeni rasmi, nikiwa upande wa anayejua. Nilipigiwa makofi sana.

Hapo ndipo ninaposimama kuzisoma riwaya hizi. Nimekulia Mapinga, wilaya ya Bagamoyo. Kwa wasiokujua, ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, ukapita Tegeta, Boko na Bunju, unaingia Mkoa wa Pwani na unajikuta kwetu; mbele yako ziko Kerege, Zinga na Kiromo. Zamani ilikuwa nchi ya mikorosho, minazi, mihogo na mkaa. Naitaja si kwa kujivunia kwetu (ingawa najivunia), bali kwa sababu dola na soko vyote viwili vimepita pale vikiwa na buti miguuni, na watu wa pale wana namna ya kusimulia mambo hayo ambayo haifanani na ngonjera hata kidogo.

Hata kabla ya Azimio, jirani zetu wa Kerege walikuwa miongoni mwa vijiji vya majaribio ya makazi mapya, ile mipango ya miaka ya mwanzo ya uhuru iliyotaka kumtoa mkulima kwenye shamba lake lililotawanyika na kumweka mahali pamoja penye trekta na mtaalamu. Serikali yenyewe iliiacha mipango hiyo kabla ya mwaka 1967 kwa sababu ya gharama. Kisha Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena, ni amri, na mwisho wake ni 1976. Babu yangu mzaa mama alihamishwa katika zoezi hilo. Hakupelekwa mbali, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, lakini mikorosho haihamishiki. Aliambiwa ataendelea kwenda kuihudumia. Alikwenda misimu miwili mitatu, nguruwe mwitu na moto wa vichaka wakamalizia yaliyobaki.

Miaka ishirini na kitu baadaye watoto wake walikuwa wanauza vipande vya ardhi aliyopewa kijijini. Nani alinunua? Wengine watumishi wa mjini, wengine wafanyabiashara, wengine watu ambao hadi leo hatujawaona sura. Hapo ndipo anapoingia mtu ninayetaka kumzungumzia katika makala haya. Muuzaji alikuwa mjomba. Mnunuzi alikuwa mtu wa mjini. Lakini bei, mipaka, mashahidi na hata saa ya kukutana viliamuliwa na mtu wa tatu, dalali, ambaye hakuwa na shamba wala fedha. Na yule aliyekuja kumwambia babu ahame, naye hakuwa mwenye siasa ile. Nyerere hakuja Mapinga na orodha ya kaya. Alikuja kijana mmoja mwenye daftari. Bibi, akisimulia, humsahau waziri na humsahau Rais, lakini kijana wa daftari anamkumbuka mpaka rangi ya shati.

Basi tuingie vitabuni.

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) kinasomwa sana kama kisa cha Tumaini Kapinga, kijana wa Ukerewe aliyerithi mali, akaitapanya kwa anasa, kisha akazinduka na kuwa mkulima mkubwa anayeajiri vibarua. Ujamaa unapofika na shamba lake linapotakiwa kuwa mali ya umma, anamuua kiongozi wa serikali, na yeye anahukumiwa kunyongwa. Wahakiki wengi wamekikumbuka kisa cha kweli cha Ismani, Iringa, ambapo tarehe 25 Desemba 1971 mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu. Mfanano huo umetusaidia na umetudhuru. Umetusaidia kuona kwamba Kezilahabi hakuwa anaota. Umetudhuru kwa sababu tumekisoma kitabu kizima kama ngonjera iliyoharibika: bepari upande huu, mjamaa upande ule, asiyejua akakataa kushukuru, akafyatua bunduki.

Lakini tujiulize: Tumaini anamuua nani? Hamuui Azimio, kwa kuwa Azimio halina kifua cha kupigwa risasi. Anamuua mtu aliyetumwa. Huo ndio ukatili wa riwaya ile, na ndio ukubwa wake. Siasa kubwa za dunia zinafika shambani zikiwa zimevaa mwili wa mtu mmoja, mwenye gari la serikali na haraka ya kupeleka taarifa juu. Wenzetu wa miaka ya themanini waliomwita Kezilahabi mkata tamaa, kwa kuwa hakuonyesha njia ya ukombozi wa mkulima, walikuwa wanataka shairi la mwisho, lile wanaloimba wote pamoja. Kezilahabi aliwanyima. Mimi namshukuru kwa hilo, ingawa sikubaliani na uzembe mmoja wa riwaya hiyo: vibarua wa Tumaini. Watu wanaopalilia pamba ya shujaa hawapati uzito wa nafsi anaoupata shujaa mwenyewe. Mtu wa tatu tunamwona. Hawa wa nne wamebaki migongo iliyoinama.

Katika Gamba la Nyoka (1979) jambo hili limeshughulikiwa vizuri zaidi. Hapa operesheni ya vijiji ndiyo kiini cha kisa. Wanakijiji wanakataa kuhamishwa, na serikali inajibu kwa nguvu. Kati ya wanakijiji na serikali wapo vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo, waliokwenda kusoma ng'ambo na kurudi. Sitarudia yanayosemwa kila siku kuhusu majina yao. Nataka kusema tu kwamba hawa ndio watu wa tatu wa Kezilahabi walioumbwa kwa upendo. Hawana ubaya wa moja kwa moja. Wana vitabu, wana nia njema, wana mjadala mrefu juu ya maendeleo, na mjadala wao unaendelea juu ya vichwa vya watu ambao makazi yao yanabomolewa. Ukisoma kwa makini unaona kwamba Kezilahabi, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu hapa hapa Mlimani, alikuwa anatuandika sisi. Semina yetu ya Simba na Yanga imo ndani ya kitabu kile tayari. Tunaisoma bila kujitambua, kama mtu anayesikiliza mkanda wa sauti yake na kuuliza huyu ni nani anayeongea hivi.

Na nyoka je? Wengi husema gamba ni Ujamaa wenyewe, umevuliwa, umetupwa. Mimi nasoma kwa namna nyingine. Nyoka hubadili gamba, hafi. Ofisi iliyokuwa na daftari la kuhamisha watu haikufungwa mwaka 1985. Ilibadilisha gamba.

Hii ndiyo sababu sioni ajabu kwamba neno kuu katika kichwa cha kitabu cha Chachage si soko, ni makuadi. Tumekuwa tukilipita neno hilo kama matusi tu. Kuwadi ni nani? Si mnunuzi. Si yule anayenunuliwa. Ni mpatanishi wa biashara isiyosemwa hadharani, anayeishi kwa kuwakutanisha wawili na kuchukua chake. Seithy Chachage, aliyekuwa profesa wa sosholojia katika chuo hiki hadi alipofariki mwaka 2006, angeweza kukiita kitabu chake Wanyonyaji wa Soko Huria au Mabepari, maneno aliyoyazoea katika kazi zake za kitaaluma. Alichagua kuwadi. Kwa maoni yangu, uchaguzi huo ni uhakiki mkali kuliko kurasa nyingi za maelezo ya kihistoria zilizomo ndani ya kitabu chenyewe, kwa sababu unatuambia kwamba soko halikuja lenyewe. Lililetwa kwa mkono.

Kitabu kimejengwa juu ya kisa cha kweli: mradi mkubwa wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji. Baraza la Taifa la Mazingira lilishauri usikubaliwe, Serikali ikaupitisha mwaka 1997, wananchi wa delta wakaenda mahakamani. Angalia waliohusika. Mwekezaji ni soko, sawa. Lakini ardhi ile hakuichukua kwa kununua kutoka kwa mvuvi mmoja mmoja wakikubaliana bei. Aliitarajia kutoka kwa dola. Soko huria lililokuwa likihubiriwa lilihitaji muhuri wa Baraza la Mawaziri ndipo lipate mikoko ya kukata. Sasa nani atuambie hapo dola imeishia wapi na soko limeanzia wapi?

Hili nalo si la Rufiji peke yake. Mwaka 1958, wakoloni walipopendekeza umiliki wa ardhi wa moja kwa moja, Nyerere aliandika kijitabu Mali ya Taifa akionya kwamba ardhi ikiuzwa kama shati, siku moja wengi watakuwa wapangaji wa wachache. Baada ya uhuru umiliki huo ulifutwa na ardhi ikawa ya umma chini ya udhamini wa Rais. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 ziliuendeleza udhamini huo, na ndani yake mna utaratibu wa kuhawilisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla kwa manufaa ya umma, uwekezaji ukiwemo. Marekebisho ya mwaka 2004 yakafungua mlango wa kuuza hata ardhi tupu isiyoendelezwa. Maneno ni ya Arusha, mlango ni wa soko, na ufunguo uko mfukoni mwa ofisa. Sisi watu wa ukanda wa Bagamoyo hatuhitaji semina kulielewa hilo. Majirani zetu wa Zinga, Pande na Mlingotini walifanyiwa tathmini ya mali zao kwa ajili ya ukanda wa uchumi na bandari. Mwaka 2013 ukatiwa saini mkataba na Wachina, mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa hadharani masharti yake, mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Katika miaka yote hiyo mwananchi alikuwa anaambiwa asubiri. Aliambiwa na soko au aliambiwa na dola? Aliambiwa na mtu aliyekuja na daftari, safari hii lenye picha za minazi yake zilizopigwa namba.

Nimemsifu Chachage kwa neno kuwadi. Sasa nimlaumu, maana uhakiki si maulidi. Makuadi wa Soko Huria ni kitabu kinachojua mambo mengi mno. Historia ya pwani kutoka enzi za biashara ya watumwa hadi utandawazi inamwagwa humo kwa wingi, na mara nyingi msimuliaji anasimama kando ya wahusika wake na kutoa muhadhara. Sisemi riwaya isifundishe; riwaya zetu zimefundisha tangu Shaaban Robert. Ninachosema ni kwamba Chachage, adui wa ngonjera ya mwekezaji, ameandika mahali pengine ngonjera iliyogeuzwa. Anayejua sasa ni msomi mpinzani wa soko. Asiyejua ni yule yule. Anaelezwa kwamba ananyonywa, na anapewa tarehe na mikataba, wakati yeye ndiye aliyekuwepo maji yalipobadilika ladha. Mvuvi wa delta ana maarifa yake ya mikoko na bamvua, na maarifa hayo yangeweza kuwa hoja, si mapambo ya mandhari tu. Nilipokuwa nikisoma nilitamani mara kadhaa msimuliaji anyamaze kurasa kumi, tumsikie mtu wa pale akikosea, akitania, akimsema vibaya hata mwandishi.

Kuna watakaonijibu kwamba mtu wa tatu ninayemtafuta ni kisingizio. Mwalimu wangu mmoja, ambaye namheshimu sana, aliniambia nikimlaumu dalali na karani nitakuwa nawaachia wakubwa wapumzike. Ni hoja nzito, na inatoka kwa mtu aliyefundwa katika zile siku ambazo hapa Mlimani uhakiki bila tabaka haukuitwa uhakiki. Jibu langu ni hili. Kijana wa daftari si chanzo cha dhuluma, lakini ndipo dhuluma inapopata uso, na riwaya ni sanaa ya nyuso. Ripoti ya uchumi inaweza kuandika mfumo bila mtu. Riwaya haiwezi. Ikijaribu inakuwa ngonjera.

Wengine watasema nimefanya dola na soko kuwa kitu kimoja. La hasha. Havikuwa kitu kimoja kwetu. Kijiji cha ujamaa kilimnyang'anya babu mikorosho, lakini mama alisoma shule iliyojengwa pale pale, bila ada, na hakuna mgeni aliyeweza kuinunua nyumba yao. Ruksa ilileta sabuni, na anayecheka sabuni hakuishi mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walipokuwa wanaogopa hata kuonekana na katoni. Lakini tofauti kubwa zaidi bibi ndiye aliyeninong'oneza, na nimeitafuta katika vitabu vya uhakiki sijaiona. Alisema kwamba wakati wa vijiji walihama wote siku moja, wakalia wote. Wakati wa viwanja kila mtu alihama peke yake, na kila mtu alimficha mwenzake bei.

Nimelifikiria neno hilo muda mrefu, na naona ni neno la fani. Dola, inapohamisha watu, inampa mwandishi umati. Kuna siku, kuna magari, kuna moshi wa nyumba zinazochomwa, kuna anayekataa na anayetii. Riwaya ya Gamba la Nyoka imejengeka yenyewe kutokana na hayo. Soko halina umati. Mauziano ya shamba hufanyika chini ya mwembe na watu watano, jioni, na karatasi ikishasainiwa kila mmoja anashika njia yake na siri yake. Hakuna kilele. Hakuna siku ambayo Mapinga iliuzwa. Ukitaka kuandika riwaya juu ya jambo hilo utaanzia wapi? Chachage alibahatika, kama neno hilo linafaa, kwa kuwa Rufiji palikuwa na mradi mmoja, adui mmoja, kesi moja, na vijiji vilivyosimama pamoja. Soko lilikuja kwake likiwa na sura ya dola, na umati ukarudi. Lakini sehemu kubwa ya soko nchini mwetu si Rufiji. Ni kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini.

Ndiyo maana siridhiki na orodha ya vitabu tunavyosomeshwa juu ya suala hili. Kaptula la Marx tunaisoma, tunacheka jinsi viongozi wanavyohangaika na vazi lisilo la kipimo chao, na tunasahau kwamba tamthilia hiyo ilizunguka mikononi mwa watu miaka mingi kabla ya kuchapwa mwaka 1999, kwa hiyo ilichapwa wakati kaptula yenyewe imeshauzwa mtumba. Tunayo fasihi ya kuicheka dola. Tunayo fasihi ya kulilaani soko. Ya kuonyesha mjomba akimdanganya dada yake bei ya urithi wao, hatuna, au mimi sijaiona kwenye rafu. Na watu wa tamthilia wako karibu kabisa: chuo cha sanaa cha Bagamoyo kiko mwisho wa barabara hiyo hiyo, na tamthilia ya majadiliano na wanakijiji iliwahi kufanywa na walimu wetu, akina Penina Mlama, katika vijiji vya wilaya hiyo hiyo miaka ya themanini. Mbinu ile ilimruhusu mwanakijiji kusimamisha mchezo na kusema sivyo. Jambo hilo riwaya bado haijajifunza kulifanya.

Kwa sasa fasihi ya soko ya Mapinga imeandikwa ukutani. Nenda ukaisome, nauli si kubwa. Kwenye kuta za matofali ambayo hayajapigwa lipu, kwenye mageti, kwenye vibao vilivyopigiliwa mikorosho iliyobaki, utakuta kwa rangi nyekundu: Shamba hili haliuzwi, ogopa matapeli. Nimezihesabu siku moja toka kituoni hadi nyumbani, nikaacha nilipofika kumi na saba. Ni matini fupi yenye msimuliaji asiyejitaja, yenye muuzaji ambaye si mwenyewe, mnunuzi ambaye anakaribia kuibiwa, na mtu wa tatu ambaye ametajwa kwa wingi, matapeli, kwa sababu hakuna anayemjua kwa jina. Nilimpelekea mwalimu mmoja picha ya ukuta mmoja nikimwuliza kama naweza kuufanyia tasnifu. Alinijibu kwa swali la kiuhakiki ambalo bado nalifanyia kazi: chini ya maneno hayo, kwa rangi ile ile, pameandikwa namba ya simu. Anayesema haliuzwi anataka apigiwe na nani?